Picha za Bahari Ukutani: Funzo kwa Wenye Klabu na Wenye Majumba

Sisi watu wa bara tunapenda sana picha za bahari. Ingia katika duka la chai, au kwa kinyozi, au katika ukumbi wa klabu kwenye mji wowote wa milimani, na mara nyingi utaona ukutani jahazi lenye tanga jeupe, mnazi ulioinama, na maji ya buluu yanayofika mwisho wa macho. Huenda aliyeichora picha hiyo hajafika pwani hata mara moja, na wengi wanaoitazama hawajaonja maji ya chumvi. Lakini mtu aliyetoka shambani na matope miguuni, au ofisini na hesabu kichwani, akiketi mbele yake na kikombe cha chai, moyo wake hupumzika.

Kwa kuwa picha ya namna hiyo ni pambo tu, watu hudhani kwamba haihitaji kufikiriwa sana. Dhana hiyo si kweli. Picha ya ukutani ni kazi ya mikono, ina gharama, na ikiharibika huleta ugomvi. Leo nataka kuwaeleza wasomaji habari za picha za bahari zilizochorwa Uingereza na mchoraji mashuhuri, zikaharibika upesi, na jinsi habari hizo zilivyonifanya mimi, katibu wa klabu, nilitamke neno ambalo ilinipasa kulitamka mapema zaidi.

KLABU YETU NA UKUTA WAKE

Wanachama wa klabu yetu ni makarani, walimu, wenye maduka, na wakulima wa chai na pareto. Kwa miaka mingi tulikutana katika chumba cha kupanga. Mwishowe tulichanga fedha, tukajenga ukumbi wetu wenyewe wa mawe na paa la mabati. Halmashauri ilikata shauri kwamba ukuta mrefu unaoelekea mlango upambwe kwa picha ya pwani: bandari ya zamani, majahazi, wavuvi wakivuta nyavu, na watoto wakioga. Aliyeleta shauri hilo ni mzee mmoja ambaye katika ujana wake alifanya kazi bandarini Kilindini, na ambaye hachoki kuwasimulia vijana jinsi maji yanavyojaa na kupwa.

Tulimwita fundi kijana wa mji wetu, mchora vibao vya maduka, ambaye kazi yake ilijulikana kwa unadhifu. Tulipatana shilingi 60,000, pamoja na rangi. Nusu alipewa alipoanza, na nusu ya pili angepewa baada ya miezi mitatu, ada za wanachama zitakapokuwa zimeingia.

Ulikuwa mwezi wa Mei, na mvua za masika zilikuwa hazijakoma. Lipu ya ukuta ule ilikuwa imemalizwa siku kumi na mbili tu. Fundi alipofika aliweka kiganja chake ukutani, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Bwana Katibu, ukuta huu haujakauka. Nikipaka rangi sasa, haitashika. Nipeni nafasi mpaka mvua ziishe."

Niliyapeleka maneno yake mbele ya halmashauri, na nikayaandika katika kitabu cha mikutano kama ipasavyo. Lakini tarehe ya kufungua ukumbi ilikuwa imekwisha wekwa, na barua za wageni zilikuwa zimekwisha kwenda. Mwenyekiti akasema, "Mwambie aanze. Akikataa, tutamtafuta mwingine." Mimi ndimi niliyeiandika barua ya kumwamuru aanze kazi, nikaitia sahihi.

Siku ya sherehe picha ilipendeza mno. Wageni walisimama mbele yake wakapigwa fotografia, na yule mzee wa Kilindini alionyesha kwa fimbo yake mahali ambapo meli hutia nanga. Lakini ulipofika mwezi wa Septemba, mbingu ya picha ilikuwa na malengelenge. Baadaye unga mweupe ulitokea juu ya maji, kama ukungu. Mwishowe tanga la jahazi kubwa lilibambuka lote, likaanguka nyuma ya viti.

Watu wakaanza kusema. Walisema kwamba fundi alinunua rangi hafifu na kuizidishia maji, na kwamba fedha nyingine alizitia mfukoni. Halmashauri ikakataa kumlipa shilingi 30,000 zilizobaki. Maneno hayo yalienea mjini, na wenye maduka wawili waliokuwa wamemwahidi kazi ya vibao wakampa mtu mwingine. Mimi niliyajua yaliyoandikwa katika kitabu cha mikutano, maana yameandikwa kwa mkono wangu. Lakini nilinyamaza. Mwenyekiti ni mtu mzima ninayemheshimu, na barua ile ilikuwa na sahihi yangu.

HOTELI YA MORECAMBE

Wakati huo nilikuwa nimeazima kitabu kimoja juu ya wachoraji wa Uingereza. Ndani yake nilikuta habari za mtu aitwaye Eric Ravilious, na usiku ule sikupata usingizi upesi.

Ravilious alizaliwa London mwaka 1903, lakini alikulia Eastbourne, mji wa pwani ya kusini, kwa hiyo bahari aliijua tangu utoto. Alisomea kazi ya sanaa katika Royal College of Art, London. Alipokuwa bado kijana, yeye na mwenzake Edward Bawden walipewa kazi ya kupamba kuta za Morley College, chuo cha watu wazima cha London. Walianza mwaka 1928 wakamaliza 1930, na aliyekuja kuzifungua picha hizo ni Stanley Baldwin, ambaye alikuwa amepata kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza. Tangu hapo watu waliotaka kupamba kuta zao walimjua Ravilious.

Sasa tazama Morecambe. Huu ni mji wa mapumziko katika pwani ya kaskazini magharibi ya Uingereza, kando ya ghuba pana ambayo maji yake yakipwa huondoka mbali sana, yakaacha mchanga mtupu kwa maili nyingi. Mwaka 1933 kampuni ya reli iliyoitwa London Midland and Scottish ilifungua hapo hoteli mpya iitwayo Midland. Msanifu wake, Oliver Hill, aliijenga nyeupe, yenye ghorofa tatu, imepindwa kama upinde kuifuata pwani. Ilikuwa nyumba ya namna mpya kabisa kwa watu wa zama zile.

Hill hakutaka mapambo yaletwe baadaye kama vyombo vinunuliwavyo sokoni. Alitaka wasanii wafanye kazi pamoja na waashi. Mchongaji Eric Gill alichonga farasi wa baharini wawili wa mawe, wakawekwa juu mbele ya jengo. Alichonga pia picha kubwa ya jiwe ya Odysseus, yule msafiri wa hadithi za Wayunani, akikaribishwa na Nausicaa baada ya kutoka baharini. Marion Dorn alitengeneza mazulia yenye mfano wa mawimbi. Na mwishoni mwa jengo palikuwa na chumba cha mviringo cha kunywea chai, ambacho kuta zake alipewa Ravilious.

Ravilious alifanya kazi hiyo pamoja na mke wake, Tirzah Garwood, ambaye naye alikuwa msanii hodari, hasa katika kuchora picha kwa kuzichonga katika mbao. Walichora mchana na usiku wa pwani: majengo ya raha ya kubuni, bendera zikipepea, na gizani fataki zikipasuka angani. Mgeni aliyekunywa chai yake pale alikuwa na bahari ya kweli dirishani na bahari ya furaha ukutani.

Lakini lipu ya kuta zile ilikuwa mbichi. Hoteli ilikuwa ndiyo kwanza imejengwa, na ilitakiwa kufunguliwa katika majira ya joto wageni wanapokuja. Rangi ikaanza kubambuka, na Ravilious ikambidi kuzirudia sehemu zilizoharibika. Haikufaa kitu. Baada ya muda mfupi tu picha zile zilikuwa zimeharibika kabisa, na kuta zikapakwa rangi nyingine. Kazi ya mchoraji aliyependwa na watu, ndani ya mojawapo ya hoteli zilizosifiwa sana Uingereza, ilitoweka, na iliyobaki ni fotografia zisizo na rangi. Miaka mingi baadaye, hoteli ilipotumiwa katika kupiga mchezo wa televisheni, wachoraji wengine waliziiga fotografia hizo ili chumba kipate tena sura yake ya zamani. Hoteli yenyewe ilitumiwa kama hospitali wakati wa Vita vya Pili, ikafungwa mwaka 1998, ikatengenezwa na kufunguliwa tena mwaka 2008. Mawe ya Gill yapo hata leo, bali rangi ya Ravilious haipo.

PICHA NYINGINE ZA MTU YULE YULE

Msiba wa Morecambe haukumzuia kupewa kazi nyingine. Mwaka 1934, katika mji wa Colwyn Bay, Wales, lilijengwa jumba jipya la starehe juu ya gati lililoingia baharini, na Ravilious akaitwa kuchora katika chumba cha chai. Safari hii hakuchora bahari kama ionekanavyo kutoka ufukweni, bali chini yake: magofu yaliyozama, mwani, na samaki wakipita katikati. Picha hizo zilikaa miaka mingi zaidi, lakini chumvi, upepo na kutotunzwa vililiangamiza gati lenyewe. Lilifungwa mwaka 2008, sehemu yake ikaanguka mwaka 2017, na mwaka 2018 likabomolewa. Vipande vya picha viliokolewa kabla ya kubomolewa.

Zile za Morley College nazo ziliangamizwa na mabomu mwaka 1940. Na Ravilious mwenyewe, akiwa mchoraji wa vita, alipanda ndege mwezi wa Septemba 1942 karibu na Iceland pamoja na askari waliokwenda kutafuta ndege iliyopotea. Ndege yao haikurudi. Alikuwa na umri wa miaka 39.

Jambo moja lilinishika moyo. Katika habari zote hizo za hasara, sikukuta mahali ambapo mwandishi amesema kwamba Ravilious alikuwa mwizi wa rangi. Imeandikwa wazi kwamba ukuta ulikuwa mbichi, basi. Jina lake halikuharibika pamoja na picha, na picha zake za karatasi hutunzwa katika nyumba kubwa za makumbusho za Uingereza. Lakini fundi wetu, ambaye alitutahadharisha kwa kinywa chake, alikuwa amepoteza fedha na kazi na jina. Mtu mkubwa ukuta ukimharibikia, husemwa kwamba ukuta ulikuwa mbovu. Mchora vibao ukimharibikia, husemwa kwamba yeye ndiye mbovu.

KWA NINI RANGI HUBAMBUKA

Wasomaji wengine wana nyumba zao, kwa hiyo yafaa nieleze sababu. Lipu ya saruji au ya chokaa huchanganywa kwa maji mengi. Uso wake hukauka upesi, hata mtu akaugusa akadhani kazi imekwisha, lakini ndani ya ukuta maji bado yamo, nayo hutafuta njia ya kutoka. Ukipaka rangi nzito juu yake umeifunga njia hiyo. Maji huisukuma rangi kutoka nyuma, ndipo malengelenge hutokea.

Tena maji hayo hayatoki peke yake. Hubeba chumvi zilizomo katika saruji, mchanga na mawe. Yafikapo juu ya ukuta na kukauka, chumvi hubaki, na huo ndio unga mweupe tulioudhani ukungu katika picha yetu. Mbali na hayo, saruji mpya na chokaa mpya zina ukali ambao huila rangi ya mafuta, ikageuka laini kama sabuni na kukosa nguvu ya kushika. Hapana rangi ya bei kubwa itakayoponya ukuta mbichi.

Lazima niseme pia kwamba iko namna moja ya kuchora ambayo hutaka lipu iwe mbichi. Waitalia wa kale waliijua sana. Fundi hupaka chokaa kiasi cha kazi ya siku moja tu, na kabla haijakauka huchora kwa rangi ya unga iliyochanganywa na maji. Chokaa ikikauka huishika rangi ikawa kitu kimoja nayo. Lakini huo ni ufundi mwingine, una rangi zake na chokaa yake. Usidhani kwamba rangi ya mkebe kutoka dukani itafanya vivyo hivyo.

KUTA ZILIZOTUNZA PICHA

Msomaji ataniuliza, je, hakuna picha za bahari zilizodumu? Zipo. Katika kisiwa cha Anglesey, Wales, iko nyumba kubwa iitwayo Plas Newydd, iliyo kando ya mlangobahari. Mwaka 1936 bwana wa nyumba hiyo, Lord Anglesey, alimwita mchoraji Rex Whistler apambe chumba cha kulia. Whistler alichora mji wa bandari wa kubuni, wenye merikebu, minara na milima ya mbali. Karibu na mtazamaji alichora mkuki wenye meno matatu wa mungu wa bahari wa Warumi, na nyayo zenye maji kama kwamba mwenyewe ametoka majini sasa hivi akapita. Na pembeni alijichora mwenyewe kama mtunza bustani kijana anayefagia majani.

Lakini Whistler hakuipaka kazi hiyo juu ya lipu. Aliichora juu ya turubai moja ndefu yenye urefu wa futi 58, na turubai hiyo ndiyo iliyowekwa ukutani. Whistler naye aliuawa vitani, huko Normandy mwezi wa Julai 1944, akiwa na umri ule ule wa miaka 39. Picha yake bado ipo mahali pake, na watu huenda kuitazama.

Wala si lazima twende Ulaya. Katika Ngome ya Yesu, Mombasa, ambayo Wareno waliijenga kuanzia mwaka 1593, zipo picha zilizochorwa ukutani na Wareno katika karne ya 17 kwa rangi nyeusi ya makaa na udongo mwekundu. Waliochora hawakuwa mafundi wa kulipwa. Walikuwa watu waliokaa mbali na kwao, wakachora merikebu, samaki na watu. Mwashi wa pwani ajua kwamba chokaa iliyochomwa kwa mawe ya matumbawe, ikingojewa mpaka ikomae, huwa ngumu na kupumua vizuri. Juu ya lipu kavu kama hiyo hata makaa yamedumu miaka mia nne.

MKUTANO WA KLABU

Nilipokwisha kusoma habari hizo niliona haya. Mwezi uliofuata palikuwa na mkutano wa wanachama wote, na katika shughuli za siku ile mwenyekiti alikuwa ameandika, "Fundi wa picha: kumshitaki au kumwacha." Niliomba ruhusa ya kusema. Nikafungua kitabu cha mikutano katika ukurasa wa mwezi wa Mei, nikasoma kwa sauti maneno ya fundi, kisha majibu ya halmashauri, kisha nakala ya barua niliyoitia sahihi.

Ukumbi ulinyamaza. Mwenyekiti akaniuliza, "Kwa nini hukutukumbusha tangu Septemba, Bwana Katibu?"

Nikamjibu, "Niliogopa, mzee. Barua ni yangu, na neno lilikuwa lako."

Mwalimu mmoja akasema kwamba mambo ya Uingereza hayatuhusu. Yule mzee wa Kilindini akasimama. Akasema kwamba bandarini, nahodha akiambiwa na rubani kwamba maji hayatoshi, kisha akaamuru chombo kiingie, hapana mtu amlaumuye rubani chombo kikipanda mwamba. Akaketi. Mwenyekiti aliinamisha kichwa, akakaa hivyo kitambo, kisha akasema, "Kosa ni letu. Na alipwe." Mikono ikainuliwa, na waliokataa walikuwa watatu tu.

Nilipeleka zile shilingi 30,000 mimi mwenyewe nyumbani kwa fundi. Alizihesabu taratibu, akazifunga katika leso. Sikuona furaha kubwa usoni pake. Akasema, "Nashukuru. Lakini fedha hizi siwezi kuwaonyesha wenye maduka wakaniamini. Niandikie barua." Nikaketi mezani pake nikaiandika: kwamba alitutahadharisha, kwamba tulimlazimisha, na kwamba rangi yake haikuwa na kosa. Mwenyekiti aliitia sahihi siku ile ile bila neno. Mmoja wa wale wenye maduka wawili amemrudishia kazi, na mwingine bado.

MASHAURI KWA WANAOTAKA PICHA UKUTANI

Ili wasomaji wasiingie katika shimo letu, nayaandika hapa mambo tuliyojifunza.

1. Ngoja. Lipu mpya ya saruji hutaka majuma manne kwa uchache katika hali ya ukame, na zaidi sana katika mvua au mahali penye baridi. Ikiwa ni nene, iongezee muda. Fungua madirisha, hewa ipite.

2. Pima. Chukua kipande cha nailoni safi, ukibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, ukiache usiku na mchana. Ukikibandua ukaona matone ya maji ndani yake, au ukuta mahali pale umekuwa mweusi kuliko pengine, haujawa tayari.

3. Tafuta chanzo cha maji. Mfereji wa paa uliotoboka, bomba linalovuja, au udongo uliorundikwa nje ya ukuta utaharibu hata lipu ya miaka kumi. Tengeneza hayo kwanza.

4. Unga mweupe ukitokea, ufagie kwa burashi kavu. Usiuoshe kwa maji, maana utairudisha chumvi ndani. Ukiendelea kutokea, maji bado yamo.

5. Ikiwa tarehe haiwezi kusogezwa, mwombe fundi achore juu ya mbao au turubai, kisha itundikwe ukutani kwa kuacha nafasi nyuma ya hewa kupita. Ndivyo nasi tungeweza kufanya, na tusingepoteza kitu. Picha hiyo huweza hata kuhamishwa klabu ikihama.

6. Maneno ya fundi yaandikwe katika mapatano, pamoja na siku aliyoyasema. Akitahadharisha na mwenye nyumba akakataa, basi hasara ni ya mwenye nyumba. Mapatano ya namna hiyo huwalinda wote wawili.

Ukuta wetu sasa umekwanguliwa mpaka lipu, na mfereji wa paa nyuma yake umetengenezwa. Tumeuacha mtupu tangu Novemba, na hautaguswa mpaka jua la Januari na Februari liupige vya kutosha. Fundi amekubali kurudi, kwa sharti moja: yeye ndiye atakayesema siku ya kuanza. Kila Jumamosi yule mzee wa Kilindini huja, akaupapasa ukuta kwa kiganja, akaniuliza kama bado. Nami humjibu, "Bado, mzee."

Basi msomaji, ukiwa katibu wa klabu, au wa shule, au wa kanisa, au wa chama cha ushirika, fundi akikuambia neno juu ya kazi yake, liandike siku ile ile. Na siku litakapohitajiwa, usingoje kuulizwa. Fungua kitabu ulisome.